Kupanga dadu kabla ya kurusha kwenye krapsi: kuna ukweli?

Mpenda_Dadu:
Wakuu, habari. Nimeanza kujifunza kurusha dadu kwa kudhibiti kwenye krapsi, ule mchezo wa kasino wa dadu mbili. Unapanga nyuso kwanza, unashika kwa ncha za vidole, unarusha kwa upole ili ziende pamoja na jumla ya saba, ambayo mara nyingi ndiyo humtoa mrushaji, isitoke ovyo. Kupanga nimeshaelewa: 1 na 6 zinakaa pembeni, juu naweka 3 na 3. Nyumbani narushia kwenye boksi nililotandika zulia, na zinatua vizuri. Sasa nimepata mtu anayefundisha kwa malipo. Nilipe? Na nitajuaje kama nimeweza kweli, maana kuna siku narusha muda mrefu bila saba na kuna siku saba inanifuata tu.

Nyuma_ya_Meza:
Mkuu, nimefanya kazi ya kuchezesha krapsi na wapangaji nimewatazama wengi. Pesa ya mafunzo ishikilie kwanza.

Tuanze na huo mpangilio wako, kwa sababu wanaoufundisha hapa hupita mbiombio. Ukiweka 1 na 6 pembeni, nyuso zinazozunguka ni 2, 3, 4 na 5 peke yake. Tuseme umepatia kabisa, dadu zote mbili zimebingirika kama tairi, hakuna iliyolala ubavu. Yanabaki matokeo 16. Zitafute saba humo: 2 na 5, 5 na 2, 3 na 4, 4 na 3. Nne kati ya 16, asilimia 25! Anayerusha bila kupanga chochote anapata saba mara 6 kati ya 36, yaani asilimia 16.7. Kwa hiyo kuzuia dadu zisilale ubavu, peke yake, kunakuongezea saba. Faida inakuja pale tu zote mbili zinapozunguka kiasi kilekile mpaka zinasimama. Moja ikizidi nusu mzunguko, ile 3 na 3 yako imekuwa 3 na 4.

Halafu kuna ukuta. Upande wa mbali wa meza ya kasino umefunikwa mpira wenye vipiramidi vilivyochongoka, na kanuni inataka dadu zote mbili ziugonge. Nimeliona hili mara nyingi kwa karibu: dadu zinaondoka mkononi zimeshikana, zinagusa kitambaa pamoja, kisha kona ya moja inakutana na ncha ya piramidi na kuchepuka, wakati mwenzake inarudi nyuma moja kwa moja. Mkono wa mrushaji haukuwa na kosa lolote. Na ukirusha fupi ili kuukwepa ukuta utaonywa, ukirudia dadu anapewa mwingine.

Kipimo ni hiki. Acha kuhesabu saba, hesabu 1 na 6. Kwa mpangilio wako hazitakiwi kuonekana juu kabisa. Zikionekana, dadu imelala ubavu. Kwa bahati tupu, 1 au 6 hutokea kwenye angalau dadu moja mara 20 kati ya 36. Egemeza kipande cha mpira wenye vinundu mwisho wa boksi, rusha, andika kila tokeo hata lile linalokuudhi. Kama zaidi ya nusu bado zina 1 au 6, hakuna udhibiti wa kuuzungumzia.

Mkono_Mwepesi:
Hapo kwenye ukuta nakubali, lakini mkuu umekaza mno. Hauhitajiki muujiza. Dau la 6 au la 8, yaani kwamba namba hiyo itatoka kabla ya saba, linalipa 7 kwa 6, na kasino inabaki na asilimia 1.52 tu. Saba zikishuka kutoka 6 katika kila mirusho 36 hadi kama 5.8, umeshalingana nao. Na mwaka 2004 Stanford Wong, yule mtaalamu wa mchezo wa karata wa blackjack, aliweka dau kwamba katika mirusho 500 saba hazitafika 80. Zilitoka 74, wakati bahati ingeleta kama 83. Alishinda dau.

Nyuma_ya_Meza:
Dau alishinda, ndiyo, ila piga hesabu. Mtu asiyepanga chochote, akirusha mara 500, hupata saba 74 au pungufu takriban mara moja katika kila majaribio saba ya namna hiyo. Hiyo ni bahati ya kawaida. Na hiyo 5.8 unayoitaja, kuitofautisha na 6 kwa kuhesabu saba kunadai mirusho zaidi ya 20,000. Nani ameiandika yote hiyo, tena kwenye ukuta wenye piramidi? Mwaka 2009 pale Atlantic City, mji wa kasino huko Marekani, mwanamke aliyekuwa bado mgeni wa mchezo alirusha mara 154 ndipo saba ikamtoa. Mfululizo mrefu hutokea bila kudhibiti kitu, ndiyo maana siku zako nzuri hazithibitishi chochote.

Mpenda_Dadu:
Asanteni sana wote. Nimeegemeza mpira wa vinundu jana na zile 1 na 6 zimejaa kwenye daftari. Mafunzo nayaweka pembeni. Sasa nikitaka kucheza kwa kujifurahisha, niweke dau gani?

Nyuma_ya_Meza:
Weka dau la msingi, lile la kwenda na mrushaji. Kasino inachukua asilimia 1.41. Mrusho wa kwanza ukishaleta namba ya kurudiwa kabla ya saba (4, 5, 6, 8, 9 au 10), ongeza dau la nyuma yake. Hilo linalipa haki kamili: 2 kwa 1 kwenye 4 na 10, 3 kwa 2 kwenye 5 na 9, 6 kwa 5 kwenye 6 na 8. Kasino haikati kitu hapo, na ndiyo maana mezani hutaliona limeandikwa popote. Inabidi ulijue mwenyewe. Yale ya katikati ya meza yaache, hasa la saba yoyote, linakula asilimia 16.67. Dadu endelea kuzipanga ukipenda, mradi usimcheleweshe mwenye fimbo, yule mfanyakazi wa kasino anayekusogezea dadu.