Bunge kukikata chuo fedha kwa sababu ya Fun Home: mimi napinga, nyie mnasemaje?

Wanajamvi, kila ikitajwa tamthilia ya muziki inayohusu wapenzi wa jinsia moja, hoja ya "kodi zetu" haikosi. Tuipime kwa kisa kimoja cha Marekani.

Mwaka 2013 Chuo cha Charleston, South Carolina, kiliwachagulia wanafunzi wapya kitabu cha kusoma: Fun Home, kumbukumbu za Alison Bechdel, mwanamke anayependa wanawake, alizozichora kwa katuni. Mwaka uliofuata wabunge wa jimbo wakapiga kura kukipunguzia chuo dola 52,000, kiasi kilekile kilichotumika kwenye programu ya usomaji. Aprili 2014, waigizaji wa tamthilia iliyotokana na kitabu hicho wakatoka New York kwenda kuimba Charleston, na ukumbi ukajaa. Baadhi ya wanasiasa wakaona wamechokozwa. Mwishowe fedha zilirudi, kwa sharti zifundishie Katiba na maandiko ya waasisi wa nchi.

Watetezi wa uamuzi ule husema hakuna aliyezuiwa kuigiza, wao wamekataa kulipa tu. Hoja hiyo ina uzito. Mlipa kodi ana haki ya kuhoji fedha yake inakwenda wapi. Ila kitabu kilikuwa kimeshanunuliwa na kusomwa, kwa hiyo hapo hapakuwa na kukataa kulipa. Ilikuwa adhabu, na kiasi chake kilipangwa ili kila mkuu wa chuo jimboni aelewe. Halafu wapenzi wa jinsia moja wa South Carolina nao wanakatwa kodi kama majirani zao. Fungu lao linahesabika lini?

Na tuseme kinachoimbwa jukwaani, maana wengi wanaipinga bila kuiona. Alison mdogo yuko mgahawani na baba yake. Anaingia mwanamke wa kupeleka mizigo, nywele fupi, buti miguuni, pete kubwa ya funguo kiunoni. Mtoto anamkodolea macho, anajaribu kusema anachohisi, maneno yanamkwama katikati ya wimbo. Ni hivyo tu: mtoto amemwona mtu anayefanana naye. Kando yake ameketi baba, mwalimu wa Kiingereza na mwendesha nyumba ya mazishi katika mji mdogo wa Pennsylvania, aliyeficha mapenzi yake kwa wanaume hadi akagongwa na lori mwaka 1980. Binti anaamini alijiua. Anayeiita hii propaganda anieleze ni propaganda gani inayomlilia baba namna hii. Mwaka 2015 ilishinda Tony, tuzo kubwa ya maigizo Marekani, ya tamthilia bora ya muziki, na Jeanine Tesori na Lisa Kron wakawa timu ya kwanza ya wanawake pekee kushinda tuzo ya muziki na mashairi yake.

Charleston yenyewe ina historia hapa. Porgy and Bess, opera ya 1935 inayosimulia maisha ya watu Weusi wa mji huohuo, haikuchezwa mjini humo hadi 1970. Sheria za ubaguzi wa rangi ndizo zilizokwamisha jaribio la awali la mwaka 1954, na walipa kodi wengi wenye kura wakati ule waliona ni sawa kabisa.

Kwa hiyo mnaounga mkono ukataji ule, nijibuni: kama kigezo ni kutowaudhi walio wengi, mngesimama upande gani Charleston ya mwaka 1954?