Je, niwagawe wanafunzi wa darasa la tano kwa mitindo yao ya kujifunza?

Mwalimu wa Hisabati, Mbagala

Walimu wenzangu, habari za kazi. Ninafundisha Hisabati darasa la tano katika shule ya msingi ya serikali huku Mbagala, na mkondo wangu umeupita kwa mbali ule uwiano wa mwalimu 1 kwa wanafunzi 45 tunaousoma kwenye miongozo. Katika semina ya hivi karibuni tulipewa kitini kinachoeleza kwamba kila mwanafunzi ana mtindo wake wa kujifunza: wapo wa kuona, wa kusikia, wa kusoma na kuandika, na wa kutenda kwa mikono. Tulielekezwa tuwape watoto dodoso, tuwaweke katika makundi hayo manne, kisha andalio la somo lionyeshe kila kundi litafundishwa kwa njia ipi.

Jambo hili nimelichukulia kwa uzito, kwa sababu ninaona kila siku kwamba maelezo yale yale humwingia mtoto mmoja na kumpita mwenzake aliyekaa naye dawati moja. Hata hivyo kipindi ni dakika 40, nami ni mmoja. Mada niliyo nayo sasa ni sehemu. Nilipouliza ipi kubwa kati ya 1/3 na 1/4, mikono mingi iliinuka kuitetea 1/4, kwa hoja kwamba 4 ni kubwa kuliko 3. Miongoni mwa waliokosea walikuwamo wachoraji hodari, wasemaji wazuri, na wale wenye hati safi kuliko yangu. Sikuona mtindo wowote uliowaunganisha isipokuwa hoja hiyo moja. Naomba mnisaidie: mgawanyo huu una msingi? Na kama hauna, nizishughulikie vipi tofauti ninazoziona?

Mkufunzi wa ualimu, Chang'ombe

Mwalimu wa Mbagala, salaam. Swali lako linahitaji jibu la wazi, kwa kuwa kitini cha namna hiyo kinazunguka katika semina nyingi na walimu wanatumia usiku wao kuandika maandalio manne kwa kipindi kimoja.

Makundi manne uliyoyataja yalienezwa na Neil Fleming wa New Zealand, aliyepata kuwa mkaguzi wa shule, na dodoso lake lilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1980. Mfumo wake si pekee: mwaka 2004 watafiti wa Uingereza walioongozwa na Frank Coffield waliorodhesha mifumo 71 ya kuwaainisha wanafunzi kwa mitindo ya kujifunza. Idadi hiyo peke yake inapaswa kutushtua, maana mtoto mmoja anaweza kupewa majina chungu nzima kutegemea ni dodoso gani limemfikia kwanza.

Swali la msingi ni hili: mtoto anayesemekana ni wa kuona, je, hujifunza zaidi akifundishwa kwa picha kuliko akifundishwa kwa maneno, na yule wa kusikia je, matokeo yake hugeuka kinyume? Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler na wenzake, walieleza ni ushahidi gani unaoweza kulijibu. Wanafunzi waainishwe kwanza, kisha wapangiwe kwa kura njia za kufundishiwa, baadaye wote wafanye mtihani mmoja. Walipozipitia tafiti zilizokuwapo waligundua kwamba chache sana zilifuata utaratibu huo, na kadhaa kati ya hizo zilitoa matokeo yanayopingana na dai lenyewe. Watu wana njia wanazozipenda, hilo halina ubishi. Lakini dodoso linapima kile mtoto anachopenda, nasi tunalitumia kana kwamba limepima namna anavyoelewa.

Niongeze jambo moja kwa kuwa huchanganywa mara kwa mara. Nadharia ya akili nyingi ya mwanasaikolojia wa Marekani Howard Gardner, iliyotoka mwaka 1983 na inayosema kwamba binadamu ana akili za aina mbalimbali, si nadharia ya mitindo ya kujifunza, na Gardner mwenyewe amekwisha kulikana hilo.

Kwa hiyo njia ya kufundishia iamuliwe na mada. Ramani ya Mkoa wa Dar es Salaam haina budi kuonekana, hata kwa mtoto anayependa kusikiliza. Matamshi hayana budi kusikika. Kutumia bikari hakuna budi kufanywa kwa mkono. Sehemu zinahitaji vyote: kukunja karatasi, kuonyesha kwenye mstari wa namba, kusema kwa maneno, kuandika kwa tarakimu, na kila mtoto apitie hatua zote hizo. Ukiwaachia picha wale wa kuona peke yao, utakuwa umewanyima wengine kitu walichokihitaji.

Mwalimu wa darasa la pili, Tandale

Mkufunzi, shikamoo. Nimekusoma kwa makini, lakini naona tusilitupe jambo zima. Tangu nilipoanza kutumia nyimbo, kadi za picha na herufi za kufinyanga kwa udongo katika kusoma, kuandika na kuhesabu, watoto waliokuwa wakikaa kimya nyuma ya darasa wamechangamka, na wazazi wananiambia kwamba sasa hawasukumwi kuja shule. Mambo hayo niliyapata katika mafunzo ya mitindo ya kujifunza. Mwalimu anayezungumza tu mbele ya ubao tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho naye anahitaji kuambiwa abadilike.

Mkufunzi wa ualimu, Chang'ombe

Marahaba, Mwalimu. Ulilolifanya ni jema na ninakuomba usiliache. Tazama tu kwamba nyimbo zako zimeimbwa na darasa zima, na udongo umefinyangwa na kila mtoto, pasipo mmoja kuambiwa kwamba yeye si wa kusikia. Ninachokipinga ni kumbandika mtoto wa miaka minane jina ambalo kesho atalitumia kujitetea: mimi si wa kusoma, mimi ni wa kutenda. Mtoto huyo atafanya mitihani ile ile ya kusoma na kuandika.

Mwalimu wa Biolojia, Ubungo

Ninafundisha kidato cha kwanza, na kwa uzoefu wangu tofauti kubwa kati ya wanafunzi ni mbili: wanachokijua tayari kabla ya mada kuanza, na lugha. Watoto wanaotoka shule za msingi za Kiswahili wanakutana na masomo karibu yote kwa Kiingereza mara tu wanapoingia sekondari. Nimewahi kuona mwanafunzi akiuchora moyo wa binadamu vizuri kabisa, mishale ya damu ikielekea panapostahili, kisha akaacha wazi mistari yote ya maelezo. Ungeweza kumwita mwanafunzi wa kuona. Nilipomtaka anieleze kwa Kiswahili alieleza vyumba vyote vinne na kazi ya vali bila kusita, na hapo nikajua kwamba alichokosa ni msamiati wa Kiingereza. Mwanafunzi kama huyo ukimwongezea michoro utakuwa umempa kile ambacho tayari anacho.

Kuhusu kugawa makundi, kama ni lazima kugawa, gawa kwa kiwango alichofikia mtoto katika mada husika, na kwa muda mfupi tu. Shirika la Pratham la India limejulikana kwa utaratibu huo: watoto hupimwa kwa jaribio fupi la kusoma na hesabu, kisha kwa sehemu ya siku hufundishwa kwa kiwango walichopo bila kujali darasa lao, na makundi hubadilika kadiri wanavyosonga mbele. Mwalimu wa Mbagala, hoja ile ya 4 kuwa kubwa kuliko 3 imekwisha kukupa jaribio lako. Waulize wote swali moja wakati wa kuingia, wajibu kwa vidole: kidole kimoja kwa jibu la kwanza, viwili kwa la pili, mkono ukiwa kifuani ili jirani asinakili. Kwa muda mfupi sana utajua ni nani bado anasoma asili ya sehemu, yaani namba ya chini, kana kwamba ni namba nzima.

Nikuonye pia kuhusu karatasi zenyewe. Watoto wakichana kurasa za daftari kila mmoja kwa kipimo chake, robo ya kipande kirefu itaonekana kubwa kuliko theluthi ya kipande kifupi, nao watatoka na kosa lile lile, safari hii wakiwa na ushahidi mkononi. Kata vipande vya urefu mmoja wewe mwenyewe kabla ya kipindi.

Mwalimu wa elimu maalumu, Ilala

Naomba niweke mpaka ambao naona umesahaulika. Mtoto mwenye uoni hafifu, kiziwi, au mwenye ugumu mahususi wa kusoma ana hitaji, na hitaji hilo halichaguliwi kwa dodoso la anachokipenda. Huyo lazima abadilishiwe namna ya kufundishwa: maandishi makubwa, lugha ya alama, muda zaidi wa mtihani. Ninasikitika kila ninapoona mtoto ameandikwa kwamba ni wa kusikia kwa sababu hatazami ubaoni, kumbe herufi hazioni. Kabla ya kumpa mtoto jina lolote la mtindo, mketishe mbele kwa wiki moja, mwite kwa sauti ya kawaida ukiwa nyuma yake, na umsomeshe kifungu kifupi mkiwa wawili tu. Ukiwa na shaka, zungumza na mzazi ili mtoto apelekwe kupimwa macho au masikio.

Mwalimu wa Hisabati, Mbagala

Ninawashukuru nyote. Nitamwomba mwalimu wa taaluma aniruhusu niandike andalio moja la darasa zima lenye hatua nne alizozitaja Mkufunzi, badala ya makundi manne, na kila kipindi nitakianza kwa swali la vidole. Vipande vya karatasi nitavikata mwenyewe kutoka kwenye manila, vyote kwa kipimo kimoja.

Limebaki swali moja kwa mwalimu wa elimu maalumu. Katika mkondo wangu yumo binti anayejibu vizuri kwa mdomo lakini hunakili ubaoni akiruka mistari, na huinamia daftari hadi pua inakaribia kuligusa. Nilikuwa nimemwandika katika kundi la kusikia.

Mwalimu wa elimu maalumu, Ilala

Mfute katika kundi hilo, Mwalimu, na mwite mzazi wiki hii. Wakati mnasubiri apimwe macho, mketishe dawati la mbele mahali ambapo mwanga wa dirisha haumulikii ubao, andika kwa herufi kubwa, na kila unachokiandika kisome kwa sauti.