Kijana ataka kusomea betri, kuna maisha huko kweli?

NahodhaMayungu (Malindi)
Salaam wakubwa. Nina mpwa wangu, mtoto wa dadangu, yuwasoma kemia chuo kikuu mwaka wa mwisho na sasa ameshikilia ati akimaliza aendelee na masters ya mambo ya kuhifadhi umeme, yaani betri. Mamake ataka afanye ualimu apate kazi ya serikali basi. Mimi ndo nimewekwa kati nitoe uamuzi na hata pa kuanzia sipajui. Ninalojua ni kuwa tuna sola pale kwenye banda la friza za samaki na zile betri za asidi hazikai, zavimba mapema, ikifika usiku wa manane friza zishazima, asubuhi changu wamelegea macho yamebonyea ndani na mnunuzi ashusha bei vile atakavyo yeye. Na betri zenyewe naona zote zaandikwa China. Sasa chuo kikuu kinafanya nini hapo, si kiwanda ndicho chatengeneza? Naomba majibu ya maana, kejeli wekeni kando.

Fundi_wa_Langoni (Lamu)
Kaka betri za asidi kwa friza ni kuziua tu, kila usiku wazinyonya mpaka chini na zile zataka ubakishe angalau nusu. Hamia betri za lithiamu ya fosfeti. Lakini fundi abadilishe setingi za chaja kontrola, kile kidude cha kuongoza umeme wa sola uingiao kwenye betri, wengi huku wachomeka vivyo hivyo na setingi za asidi, betri ikifa wasema ilikuwa feki. Mambo ya chuo sijui, mimi nimesomea juani.

BintiKemia
Nahodha, hiyo lithiamu ya fosfeti anayokwambia Fundi imetoka chuo kikuu, kwa hivyo jibu lako ushapewa bila mwenyewe kujua 😄

Iko hivi. Mwaka 1980 mwanasayansi John Goodenough alikuwa Chuo Kikuu cha Oxford kule Uingereza, yeye na wenzake akina Koichi Mizushima wakaonyesha kwamba lithiamu na oksidi ya kobalti yafaa kuwa upande chanya wa betri na watoa karibu volti 4, wakati huo hiyo ilikuwa kubwa sana. Halafu Akira Yoshino wa kampuni ya Asahi Kasei, Japani, akapata upande hasi wa kaboni ulio salama, na Sony wakaitia sokoni 1991. Toka maabara mpaka dukani miaka 11. Na usidhani ni wazungu na wajapani peke yao, Michael Thackeray alitoka taasisi ya utafiti ya CSIR pale Pretoria, Afrika Kusini, akaenda kwa Goodenough hapo hapo Oxford wakatoka na ya manganizi ambayo bei yake ni nafuu kuliko kobalti.

1986 Goodenough akahamia Chuo Kikuu cha Texas pale Austin, umri ambao wetu huku washastaafu wako barazani na bao. Huko ndiko yeye na Akshaya Padhi na wenzao walitoa hii ya chuma na fosfeti, ndiyo hiyo aliyoitaja Fundi, karatasi yao ya utafiti ni ya 1997. Kobalti hamna kabisa. Oksijeni imeshikwa barabara na fosforasi kwa hivyo hata ikipata joto kali haishiki moto ovyo. Shida ilikuwa umeme wapita kwa taabu ndani ya unga wa hiyo fosfeti, ikabidi watafiti wengine, wakiwemo wa Montreal, waupake kaboni na kuusaga uwe laini mno ndo ikawa ya kutumika. Viwanda vya China vimekuja baadaye kutengeneza kwa wingi na kushusha bei. Goodenough amekuja kupewa tuzo ya Nobel 2019 akiwa na miaka 97, pamoja na Yoshino na Stanley Whittingham.

MzeeWaGati
Hadithi tamu lakini pesa je?? Si ni hao hao Oxford waliokataa kulipia hataza (patent) ya ile kobalti na Goodenough hakuambulia kitu. Kama yeye alikosa mtoto wa Mayungu atakula nini. Huku Lamu mradi wa makaa ya mawe ulifutiwa leseni na mahakama ya mazingira 2019, nami nilifurahi sana wallahi, tukaambiwa sasa ni jua na upepo, lakini usiku nikilala bado nasikia jenereta za mahoteli.

BintiKemia
Mzee hapo hujakosea, hataza ilichukuliwa na maabara ya serikali ya Harwell. Utajiri asiuwaze, huko kuna mshahara tu na subira. Kazi yenyewe ni ya mikono kuliko watu wanavyodhani: wachanganya unga, waupaka kwenye karatasi ya alumini, waukausha, wakata viduara, waviunga ndani ya sanduku la glavu lililojaa gesi ya argoni maana lithiamu haitaki unyevu, unatoka na kibetri cha ukubwa wa cha saa. Halafu mashine yakichaji na kukichosha, yakichaji na kukichosha, miezi, nawe wangoja tu.

Kwa hivyo kijana kabla ya kujaza fomu aende aione maabara kwa macho yake. Aulize mashine ya kuchaji na kuchosha ipo, na lile sanduku lafanya kazi au limewekwa pambo. Kama havipo ataishia kuandika mapitio ya kazi za watu.

Na mada asiende mbali, joto! Betri ya asidi joto likipanda kama digrii 10 juu ya 25, umri wakatika karibu nusu, na lithiamu nayo yachakaa upesi kwenye joto. Wanaopima kwenye vyumba vya digrii 25 hawajui banda la mabati la Mayungu mwezi wa tatu. Kuna pia betri za matangi ya vanadiamu, zinazoweka umeme kwenye maji ya kemikali, alizianzisha Maria Skyllas-Kazacos na timu yake chuo cha New South Wales, Australia, miaka ya 80, lakini zile ni matangi na pampu, zafaa mtambo mkubwa mfano ule wa sola wa Langobaya wa megawati 52, kwa friza zako hapana.

NahodhaMayungu (Malindi)
Shukrani sana dada. Nimemsomea mamake yote, ya Nobel hakutikisika, ameuliza tu ada alipa nani.

BintiKemia
😂😂 Swali zuri kuliko yote. Atafute mwalimu mwenye mradi wenye ufadhili, ndo aombe nafasi chini yake. Akijilipia mwenyewe kemikali zitammaliza.

Fundi_wa_Langoni (Lamu)
Mwambie kijana nina betri zilizokufa zimejaa stoo, za asidi na za lithiamu, najua kila moja ilikaa paa gani na friza gani. Akizitaka kupima aje achukue bure. Ila za asidi asipande nazo matatu, mara ya mwisho nilishushwa Witu na abiria wamenikasirikia.