Ninamleta mtoto wa mbwa nyumbani: nitayarishe nini?

Mkaazi wa Kisauni: Ndugu zangu, Jumamosi nitampokea mtoto wa mbwa wa wiki 8. Ua wetu ni wa mchanga na joto ni kali. Nianze na lipi?

Jibu, Nyali: Anza na kivuli na maji safi, kisha uzibe mianya ya lango. Muhimu zaidi ni chanjo: virusi vya parvo, vinavyoleta ugonjwa hatari wa kuhara kwa watoto wa mbwa, hudumu udongoni kwa miezi mingi, kwa hiyo usimtembeze barabarani kabla daktari wa mifugo hajamkamilishia chanjo, ambazo hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe angalau wiki 16.

Jibu, Likoni: Naongeza kupe, ambao huku pwani hawakosekani, mkague masikioni kila jioni. Vitunguu, chokoleti na mifupa ya kuku iliyopikwa iwe mbali naye.

Mkaazi wa Kisauni: Ahsanteni sana. Kesho naziba lango.