Tupeane uzoefu: uliachishwa kazi ukajiajiri, mwaka wa kwanza ulipitaje?

Mtu wa Igoma
Wakuu habari za jioni. Leo nimepita soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, nikamkuta dada tuliyekuwa naye kiwandani, mstari wa minofu. Anauza dagaa kwa gunia na ana vijana wa kumbebea mzigo. Tulipunguzwa kazi siku moja. Mimi nauza mkaa na hela haikai. Wenzangu mliopitia hali hii, mlianzaje? Naomba uzoefu, semina nimeshahudhuria.

Mama Nuru
Umenikumbusha mbali. Nilikuwa mpishi wa hoteli Zanzibar. Machi 2020 wageni wakakata kwa corona, Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa kabisa. Tukaitwa jikoni tukaambiwa kila mtu aende kwao mpaka atakapoitwa. Hatukuitwa. Nikarudi Tanga kwa mama, nikaanza vitumbua jirani na stendi. Mchele naloweka jioni, alfajiri nasaga, kunakucha chuma kiko motoni. Kuuzika vilikuwa vinauzika. Kilichoniua ni kukopesha majirani, "Mama Nuru niandikie", na daftari likijaa wanapita njia nyingine. Nikahamia mtaa ambao hanijui mtu. Huko ndiko nilianza kuiona faida, na siku hizi napokea oda za pilau za shughuli.

Fundi Nyundo
Hapo kwenye daftari umegusa penyewe.

Jogoo la Kibaha
Mkuu achana na mkaa, fuga kuku wa nyama. Wiki tano, sita, uko sokoni.

Mzee wa Stoo
Usimpoteze mwenzio. Kuku wakishakomaa mnunuzi anajua huna pa kuwapeleka. Kila siku wanayolala bandani wanakula faida yako, anakuja jioni anakutajia bei anayotaka yeye.

Jogoo la Kibaha
Hiyo ni kwa anayefuga bila soko. Wanangu wanasoma kwa kuku hao hao.

Mzee wa Stoo
Soko nilikuwa nalo. Mwenye mgahawa alifuta oda asubuhi ya kuchinja, maji yameshachemka. Usiniambie sikujipanga.

Kijana wa Mwaloni
Ngoja na mimi niseme, maana hiyo minofu imenirudisha nyuma.

Nilikuwa nachuna ngozi ya sangara, buti nyeupe, maji ya barafu kutwa nzima. Samaki wakapungua ziwani, zamu zikapunguzwa, na sisi tukafuata. Nililipwa notisi, likizo na zile siku saba za mshahara kwa kila mwaka. Nikajiuliza najua nini? Najua bondo, kile kibofu cha hewa cha tumboni mwa sangara. Kiwandani lililindwa kuliko minofu, tukitoka tunapekuliwa mpaka ndani ya buti.

Nikaungana na jamaa mwenye leseni. Tunavuka Ukerewe, tunanunua bondo bichi, tunaliosha damu yote, tunabandua utando wa juu, tunaanika kwenye wavu. Likikauka vizuri ukilinyanyua juani unaona vidole vyako upande wa pili. Na bondo kubwa bei yake kwa kilo haifanani na ya dogo, kwa hiyo kuchambua ndiyo kazi yenyewe. Wachina wanalitaka, mizigo ya mwanzo ililipa.

Basi tukakusanya mzigo mkubwa. Nikaweka mafao yote yaliyobaki, mke wangu akakopa kikoba akaongezea. Jamaa akapanda nao basi la Dar alfajiri. Akanipigia wakiwa Shinyanga. Akanipigia Singida. Dodoma hakupiga. Usiku simu ikawa haipatikani.

Nikafunga safari mpaka Dar, kwa yule mnunuzi wetu. Akanifungulia kitabu: mzigo umepokelewa, umelipwa taslimu, sahihi ya jamaa hiyo hapo. Nikashindwa hata kuaga. Polisi nilikwenda, RB nikapewa, nikarudi Mwanza na nauli ya kuazima.

Jumapili akina mama wa kikoba wakaja nyumbani. Niko chumbani nasikia kila kitu. Mke wangu akawaambia, "Deni ni langu, nitalipa kila Jumamosi." Jina langu hakulitaja mpaka wakaondoka. Hilo ndilo lililonitoa kitandani. Kesho yake nikaenda kununua mapanki, yale mabaki ya sangara yakishatolewa minofu.

Fundi Nyundo
Dah! Huyo mama mtunze.

Binti wa Sengerema
Mkuu jamaa alipatikana? Usituache njiani.

Jogoo la Kibaha
Bondo kilo sasa hivi inakwendaje? Na leseni unaombea wapi?

Mzee wa Stoo
Mtu anaeleza msiba wewe unauliza bei.

Mtu wa Igoma
Ndugu zangu, turudi kwenye mada.

Karani Mstaafu
Wadogo zangu, kabla ya kuku na bondo daini haki zenu. NSSF kuna fao la upotevu wa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Uwe umechangia angalau miezi 18 na usiwe umeacha kazi mwenyewe. Na kama uliachishwa kwa uonevu, una siku 30 tu za kufungua shauri CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Fundi Nyundo
Shikamoo mzee. Kufuatilia sawa, lakini asikae kusubiri. Aingie mtaani huku anafuatilia.

Binti wa Sengerema
Mimi nasema asubiri. Ukiingia mtaani huna kitu unakula mtaji wa mtu.

Kijana wa Mwaloni
Wanaouliza: jamaa alionekana Kahama, hela sijaiona. Mapanki nakaanga stendi mpaka leo, na kikoba tulikimaliza chote. Biashara ya bondo ni halali na inalipa, ila mzigo wako safiri nao wewe.

Mama Nuru
Mtu wa Igoma, hujatuambia. Huo mkaa unauza kwa gunia au kwa sado?

Mtu wa Igoma
Kwa gunia dada. Wateja wenyewe wapangaji.

Mama Nuru
Mpangaji anapata wapi hela ya gunia? Fungua gunia moja kesho, pima kwa sado, chenga zifungie pembeni uwauzie wanaochoma mahindi. Na usimwandikie mtu.