Shamba la marehemu baba limeshikamana kama sakafu: ngwara, mbaazi au marejea?

BintiRhotia
Habari za jioni wakuu. Nipo Karatu, upande wa Rhotia. Marehemu baba alituachia ekari nne na mimi ndiye niliyerudi nyumbani kuzilima. Huu ni msimu wa tatu. Baba alikuwa akipata gunia 15 za mahindi kwa ekari mvua ikiwa nzuri. Mimi msimu uliopita nimepata 5. Jirani tuliyepanda naye siku moja, mbegu ileile, kapata 12.

Mwanzo nilidhani ni mbolea, lakini DAP niliweka na urea niliweka. Mahindi yalitoka vizuri hadi magotini. Mvua ilipokatika siku tisa tu, yangu yakaanza kusokota majani saa nne asubuhi, na ya jirani yamesimama wima. Mvua ikinyesha nako ni shida nyingine: maji hayazami. Yanatuama kwenye mistari mpaka kesho yake jioni, mengine yanakimbilia korongoni yakiwa mekundu.

Wiki iliyopita nikang'oa visiki vya mahindi kimoja kimoja nivitazame. Karibu vyote mzizi umeshuka kiasi cha kiganja, halafu umepinda kwenda pembeni kama kiwiko. Umekuwa bapa, kama kitu kilichokanyagwa. Nilichimba shimo hapo: juu udongo laini, chini yake sururu inadunda.

Shamba hili limelimwa na trekta la diski kila mwaka tangu nikiwa darasa la pili. Baada ya mavuno ng'ombe wa mtaa mzima huingia kula mabua.

Nimesikia kuna mazao ya kufunika ardhi ambayo mizizi yake inalegeza udongo: ngwara (wengine huiita fiwi), mbaazi, na marejea, ule mmea wa kurutubisha udongo. Je, yanatosha peke yake? Na lipi linafaa huku kwetu? Siwezi kuacha ekari zote nne bila mahindi, mama anategemea hapo hapo. Naombeni ushauri, nalipenda sana shamba hili na linaniumiza.

MzeeWaBabati
Pole binti yangu, na hongera kwa kurudi nyumbani. Ulichoona kwenye hivyo visiki ndicho nilichoona mimi kwangu. Diski hulima kina kilekile mwaka hadi mwaka. Chini ya pale inapoishia, udongo unagandamizwa na kusuguliwa, hasa dereva akiingia shambani udongo ungali na maji. Ongeza uzito wa trekta na kwato za ng'ombe. Tabaka linajengeka kidogo kidogo, mtu halioni mpaka ukame umfundishe.

Kwangu kilichosaidia ni mbaazi. Huku Babati tunaichanganya na mahindi tangu zamani. Uzuri wake miezi ya mwanzo inakua taratibu, haigombani na mahindi. Ukishavuna mahindi ndipo inachukua shamba, inabaki kijani kiangazi chote na mzizi wake mkuu unazidi kushuka. Majani yanadondoka yanafunika ardhi. Ukikata shina juu ya udongo bila kung'oa, mzizi unaoza ndani na kuacha tundu, na mahindi ya mwaka unaofuata yanapita humo humo.

Ila usipande ukitegemea bei tu. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha kuagiza mbaazi, wengi wetu tuliuza kwa bei ya kutupa. Mimi niliendelea kupanda kwa sababu ya udongo.

AfisaUganiMstaafu
Ndugu BintiRhotia, umeeleza vizuri, lakini kabla hujanunua mbegu fanya vipimo viwili vya bure.

Kwanza, pima tabaka linaanzia na kuishia sentimita ngapi. Chimba shimo la nusu mita, safisha ukuta mmoja, kisha chukua ncha ya kisu ukichoma ukutani kutoka juu kwenda chini, kila sentimita mbili. Mkono utakuambia wenyewe pale inapokaza na pale inapolegea tena. Fanya sehemu tatu au nne, maana tabaka halilingani shamba zima.

Pili, hakikisha si magadi. Udongo wa magadi nao hukaza na kukataa maji, lakini dawa yake ni nyingine, mara nyingi ni jasi. Chukua bonge dogo lililokauka, ukubwa wa punje ya hindi, litumbukize taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua na usiliguse. Subiri saa kadhaa. Likimomonyoka na maji yakabaki maangavu, ni udongo uliokosa mboji. Likizungukwa na wingu la maziwa lisilotulia, peleka sampuli maabara. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga wanapima, na Chuo Kikuu cha Kilimo SUA Morogoro pia.

Trekta_Kazi
Msimzungushe dada wa watu. Akodi sabsoila, lile jino refu la trekta la kupasua udongo wa chini, apasue mpaka sentimita 40, apande mahindi. Kunde na majani zitamchukua miaka mitano.

MkulimaLaikipia
@Trekta_Kazi ndugu yangu, hivyo ndivyo nilivyofanya mimi. Nilipasua shamba lote, mwaka wa kwanza mahindi yakawa mazuri kweli. Halafu nikarudi kulima na diski na kufungulia mifugo kama kawaida. Msimu wa tatu nilikuwa pale pale nilipoanza, na pesa imeenda.

Udongo uliopasuliwa ukabaki mtupu hujishika tena. Mizizi ndiyo inayoshikilia zile nyufa zisizibe. Na mizizi nayo ina mpaka wake: tabaka likiwa kavu na gumu kabisa, hata mbaazi inapinda. Inapenya wakati tabaka lina unyevu, au pale ilipopata ufa wa kuanzia. Kwa hiyo dada yangu, usichague kimoja. Pasua, kisha panda mazao ya mizizi bila kuchelewa.

Hapa kwetu Kenya tunatumia njahi, nafikiri ndiyo ngwara yenu. Soko la Kenya lipo, wanunuzi wanaifuata mpaka huko Karatu.

BintiRhotia
Asanteni sana wote. Nimefanya vipimo leo na mdogo wangu. Kisu kinapita vizuri mpaka sentimita 16, kisha kinakataa mpaka 25, halafu kinaingia tena! Nilipobandua kipande cha hilo tabaka kilimeguka kwa sahani-sahani, nyembamba kama chapati zilizopangwa. Kule chini udongo una unyevu hata sasa kiangazi. Unyevu upo, mahindi yangu hayakuufikia. Nilisimama pale shimoni nikalia kidogo, nawaambia ukweli.

Glasi: bonge lilimomonyoka, maji yakabaki maangavu.

Sasa ripa ya maksai, lile jembe la jino moja la kupasua mstari, ipo kijijini, sabsoila ya trekta mpaka Karatu mjini. Ripa itafika?

AfisaUganiMstaafu
Basi si magadi, mshukuru Mungu. Ni sentimita 9 tu zinazokutenga na maji.

Ripa ya maksai kwa kawaida hufika 15 hadi 20 kwa mkupuo mmoja. Warudie mstari uleule mara ya pili, na ya tatu ikibidi. Tabaka lako linaishia 25, kwa hiyo peleka ripa kwenye mistari ya kupandia tu, sentimita 90 kati ya mstari na mstari, si shamba zima. Ikigoma, hapo ndipo utafute sabsoila.

Jambo la kushika sana: pasua udongo ukiwa MKAVU. Ukiwa mkavu unapasuka kwenda kando na kuvunjika. Ukiwa na maji, chuma kinapita kama kisu kwenye siagi na kulainisha kuta, unakuwa umeongeza tatizo. Maksai watachoka, wapumzishwe, lakini usisubiri mvua.

MamaSongea
Mdogo wangu, mimi nitaje marejea maana umeiuliza. Kwetu Ruvuma watawa wa Peramiho waliieneza sana miaka ya 1980. Inakua haraka, inaua magugu, inapunguza minyoo fundo inayoshambulia mizizi, na udongo baada yake unanukia vizuri. Ikatwe ikianza kutoa maua, kabla shina halijawa mti. Lakini haikupi punje za kula wala kuuza kama kunde, na inataka eneo lake. Kwa mtu mwenye ekari nne na mama wa kulisha, ningesema ngwara kwanza. Marejea iweke kwenye kipande kile kilichochoka kuliko vyote.

MzeeWaBabati
Naungana na mama. Na ngwara usiipande siku moja na mahindi, itayapanda na kuyaangusha. Subiri wiki tatu hivi, baada ya palizi ya kwanza. Mstari mmoja katikati ya mistari ya mahindi, nusu mita shimo hadi shimo, mbegu mbili. Kilo tano zinatosha ekari moja. Ikianza kutoa maua, kagua kila asubuhi, funza wanatoboa maua na maganda.

Lakini binti, hukutuambia ng'ombe utawafanyaje. Ngwara ni tamu kuliko mabua. Itakuwa kijani wakati kila kitu kimekauka, kijiji kizima kitakuja kwako.

BintiRhotia
Hilo ndilo limeninyima usingizi, Mzee. Mama ana ng'ombe watatu, na hata yeye huwafungulia kwetu na kwa majirani. Nikifunga shamba, ni kama nakataza ujirani.

MamaSongea
Anza na mama, si majirani. Mwambie ng'ombe wake hawatakosa: utakata majani ya ngwara kutoka kwenye mistari michache na kumpelekea zizini. Ng'ombe watatu hao wanapata chakula, na samadi unaipata sehemu moja. Akikubali yeye, atakusemea kwa wenzake. Mwenyekiti wa kitongoji nenda kwake mapema, kabla ya mavuno, na sheria ndogo ya malisho uiulizie. Usingoje ng'ombe wawe wameshaingia ndipo uanze kugombana na watu.

BintiRhotia
Nimerudi wakuu. Nimeongea na mama jana usiku. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema baba naye alikuwa akilalamika kwamba maji hayaingii, ila hakujua afanye nini. Amekubali ekari moja na nusu, ile ya juu iliyo karibu na nyumba, ambako ng'ombe wakiingia atawaona akiwa jikoni. Nusu ekari itakuwa mahindi na mbaazi, ekari moja mahindi na ngwara. Mbili na nusu zilizobaki nitalima kama zamani mwaka huu, nione tofauti.

Mwenye maksai anakuja Jumamosi. Bado pakavu kabisa. Nimeacha lile shimo wazi, na nimepigilia kijiti ukutani pale kwenye 25, ili nione kama ripa imefika.

MzeeWaBabati
Funika hilo shimo kwa matawi usiku, ndama wa mama asije akatumbukia. Mbegu ya ngwara ninayo, kilo tano zako nimeshazitenga.