Tiketi ya Maskati kwanza, au Kilimani kwanza? Mjadala wa ruzuku za utafiti wa Wazanzibari wa Oman

Msimamizi wa tasnifu: Ruzuku za uzamili ni ndogo, kwa hiyo tiketi isubiri. Waliokimbia Mapinduzi ya Januari 1964, na waliohamia Oman baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani wa nje warudi, waliacha maandishi Unguja. Hati za mashamba, rehani, wakfu na barua za Kiarabu ziko Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa. Asiyezipitia humuuliza mzee "mliishi wapi?" akajibiwa neno moja. Aliyezipitia humtajia shamba na mtaa, na hapo mzee hufunguka.

Mtafiti wa historia simulizi: Mwalimu, nyaraka nazikubali, kungoja sikubali. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1964 sasa amevuka 80. Makaratasi ya Kilimani mwakani tutayakuta. Kinachochelewesha ni vibali: COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kwa Bara, Zanzibar ina utaratibu wake, Oman nako kuna wake. Maombi yote yapelekwe pamoja, hata kabla fedha hazijatoka.

Mnukuzi: Wote wawili mmeiruka bajeti. Saa moja ya sauti hula kama saa sita za unukuzi, na zaidi pale msemaji anapochanganya Kiunguja na Kiarabu cha Oman katika sentensi moja. Mahojiano 20 ya saa moja na nusu ni saa 30 za sauti, yaani saa 180 za kazi. Maombi mengi huandika nauli, viza na malazi, basi. Sauti hulala kwenye simu, na tasnifu huandikwa kwa mahojiano matano yaliyonukuliwa. Kila mahojiano yanukuliwe ndani ya wiki, nakala ziwe tatu mahali tofauti, na majina yafichwe kwa namba tangu siku ya kwanza.

Mjumbe wa kamati ya maadili: Naongeza ridhaa. Familia zilizonyang'anywa nyumba na mashamba baada ya Mapinduzi huogopa karatasi ya kutia saini. Ukishikilia saini, utasimuliwa harusi tu. Ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa iruhusiwe. Tena, mwenyeji wa kwanza hukupeleka kwa binamu zake, ukarudi na watu 20 wa ukoo mmoja. Anzia milango mitatu: waliofika 1964, waliofika miaka ya 1970, waliozaliwa huko huko. Na wanawake wahojiwe na mtafiti msaidizi wa kike, alipwe. La sivyo waume na kaka zao ndio watakaojibu.

Msimamizi wa tasnifu: Hayo nayapokea. Lakini yote yakiingia kwenye bajeti, siku 60 za Maskati haziwezekani.

Mtafiti wa historia simulizi: Basi ziwe 30, Mwalimu, na wazee wahojiwe kwanza. Kilimani mwanafunzi ataingia akisharudi, akiwa na majina ya mashamba ya kutafuta.